Jina haiko mwili: namna ordinatere inatambua aina ya fishie, na namna inadanganywa

Ni saa kumi na moja ya jioni. Mwanafunzi mumoja anaingia mu sekretaria publiki, kle USB mukononi. Kesho asubui anapaswa kutoa TFC yake kwa mwalimu. Mutumishi anachomeka kle ku mashini, dirisha linafunguka, na dosiye ya manjano yenye jina «TFC» inaonekana. Anafinya mara mbili. Kadirisha keusi kanapita mbio, kanapotea. Hakuna kitu. Anafinya tena. Hakuna kitu.

«Dada, hii kle imekula kazi yako,» mutumishi anasema.

Kama umesoma Goma, Bukavu, Uvira, Butembo ao Bunia, hii hadisi unaijua, ao pengine ilikupata wewe mwenyewe. Lakini kle haikukula kitu. Mara mingi kazi ingali ndani, imefichwa tu. Kile mutumishi alichofinya hakikuwa dosiye. Ilikuwa programu yenye kuvaa nguo ya dosiye. Na kwa kuifinya mara mbili, ameifungulia virusi mulango wa ordinatere. Mutu wa kufuata akichomeka kle yake pale, atarudi nyumbani na ile virusi.

Swali ni hili: ordinatere yenyewe ilijua kama ile ni programu, sababu iliiendesha kama programu. Sasa kwa nini ilituonyesha picha ya dosiye? Kwa kujibu, inafaa kwanza tuelewe namna mashini inatambua aina ya fishie, ao faili kama wengine wanavyosema.

Nani anachora ile picha ndogo?

Unapofungua kle ao diske, programu moja ndiyo inakuonyesha yaliyo ndani. Ku Windows ni Explorateur. Ku mashini za Apple ni Finder. Ku Linux ziko mingi: Nautilus, Dolphin, Thunar na zingine. Programu hizi ziko na kazi mbili za kila mara: kuchora ikoni ya kila fishie, na kuchagua ni programu gani itaamka ukifinya mara mbili.

Shida ni kwamba fishie yenyewe haiseme iko nini. Ku diske, picha ya arusi, barua ya mutaa, wimbo na virusi vyote ni kitu kimoja: mustari murefu wa namba kati ya 0 na 255. Kila namba ni okteti moja, zile zenye tunahesabu kwa mega wakati wa kununua intaneti.

Tufikirie bidoni ya litri makumi mbili ku soko. Inje wameandika «mawese». Uko na njia tatu za kujua kama ni mawese kweli. Ya kwanza, usome maandishi na uamini. Ya pili, ufungue kizibo na unuse. Ya tatu, utafute karatasi yenye mutu aliyeijaza ameifunga ku mukono wa bidoni. Ordinatere nazo ziko na njia hizi tatu, na kila kampuni ilichagua kwa namna yake.

Njia ya kwanza: kusoma mukia wa jina

Windows inasoma maandishi ya inje. Inaangalia mukia wa jina, zile herufi zenye kufuata kituo cha mwisho, kwa Kifaransa «extension». Kama jina ni «barua.docx», mukia ni docx, basi ni maandishi ya Word. Kama ni «wimbo.mp3», ni sauti. Kama ni «kitu.exe», ni programu.

Desturi hii ni ya zamani. Mu miaka ya 1970, mashini ndogo zenye kutumia CP/M zilikuwa zinagawanya jina mafungu mawili: herufi nane za jina, na herufi tatu za aina. MS-DOS ilifuata njia hiyo mu mwaka wa 1981, na Windows ikairizi. Leo majina yanaweza kuwa marefu, lakini mukia bado unatawala.

Ndani ya Windows muko rejista yenye kuandika kila mukia na programu yake: pdf inafunguliwa na huyu, jpg na yule. Ni kwa sababu hiyo fishie moja inaweza kuwa na ikoni moja kwako nyumbani na ikoni ingine ku sekretaria publiki. Fishie haikubadilika, rejista ya ile mashini ndiyo iko tofauti. Na ukiona ikoni nyeupe isiyo na picha, haimaanishe kwamba fishie imekufa. Inamaanisha tu kwamba mu ile mashini hakuna programu yenye kujulikana kwa ule mukia.

Unaweza kujaribu mwenyewe. Chukua kopi ya picha yenye jina «mama.jpg», ubadilishe jina kuwa «mama.txt». Mara moja ikoni inageuka, inakuwa karatasi ya maandishi. Ukifinya mara mbili, Bloc-notes inafunguka na kukuonyesha herufi za ajabu ajabu. Picha haikuharibika hata kidogo. Rudisha mukia wa jpg, na mama anarudi. Explorateur haikufungua kizibo. Ilisoma maandishi ya inje tu.

Jambo hili linagusa hata kazi ya redio. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ukiutoa ku telefoni ya Android, uko na mukia wa opus. Programu zingine za kutengeneza sauti haziujue. Basi mutu anabadilisha mukia anaandika mp3, anasema «nimeshakonverti». Hapana. Umepaka rangi mupya ku bidoni, lakini ndani mungali mafuta yale yale. Programu zingine zitakubali, sababu zenyewe zinanusa ndani, zingine zitakataa. Kubadilisha kweli kunaomba programu yenye kusoma sauti na kuiandika upya kwa namna ingine. VLC, kwa mufano, inafanya ile kazi bila malipo.

Mukia wenye kufichwa

Kama Windows ingeonyesha mukia kila mara, shida ingekuwa ndogo. Lakini tangu Windows 95, ile mikia yenye inajulikana inafichwa, kusudi macho yasichoke. «TFC.docx» inaonekana «TFC». Na «TFC.exe» nayo inaonekana «TFC».

Dunia ililipa bei ya ile desturi siku ya tarehe 4 Mei 2000. Watu walipokea barua-pepe yenye kichwa «ILOVEYOU», na ndani fishie yenye jina «LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs». Mukia wa kweli ni ule wa mwisho, vbs, yaani programu ndogo. Lakini Windows ilificha ule wa mwisho, na mutu akaona «.TXT», akasema moyoni: hii ni barua ya mapendo, maandishi tu, haina shida. Virusi ile ilitoka Ufilipino, na kwa siku chache iliingia mu mamilioni ya mashini. Bunge la Uingereza na Pentagon ya Marekani vilifunga barua-pepe zao kwa muda.

Sasa tuongeze jambo la pili, kwa maana hapa ndipo siri ya ile dosiye ya manjano. Kwa fishie mingi, ikoni inatoka mu rejista ya Windows. Lakini programu yenye mukia wa exe inabeba ikoni yake mwenyewe ndani ya tumbo lake, na Explorateur inaichora bila kuuliza maswali. Ndiyo maana kila programu iko na sura yake. Basi mutu wa kutengeneza virusi anachukua picha ya dosiye ya manjano, anaiweka ndani ya programu yake. Virusi ikiingia ku kle, inaficha dosiye yako ya kweli, halafu inajiweka pale pale kwa jina lile lile. Mukia umefichwa, sura imekopiwa. Utatofautisha namna gani?

Kuko na aina ingine, pengine ndiyo mingi zaidi ku kle zetu: rakursi. Rakursi ni fishie ndogo yenye mukia wa lnk, kazi yake ni kuonyesha njia tu, kama kidole: «kitu unachotafuta kiko kule». Virusi inatengeneza rakursi yenye jina la dosiye yako. Ukiifinya, inaamsha virusi kwanza, halafu mara zingine inakufungulia dosiye ya kweli kusudi usishituke. Na ujue hili: Windows haionyeshi mukia wa lnk hata kama umeomba mikia yote ionekane. Alama moja tu inabaki, kale kamushale kadogo ku kona ya ikoni, chini upande wa kushoto.

Mu mwaka wa 2010 ilionekana kwamba hata kufinya si lazima. Virusi yenye jina Stuxnet, yenye ililenga mashini za nguvu za nyuklia za Iran, ilitumia kosa la Windows mu kuchora ikoni za rakursi. Ilitosha kufungua kle na kuangalia. Wakati Explorateur inachora ile picha ndogo, virusi imeshaingia. Microsoft ilitoa dawa mu mwezi wa nane wa mwaka ule ule. Somo ni kwamba kuchora ikoni nako ni kazi ya programu, na kila kazi ya programu inaweza kuwa na kosa. Mashini yenye haipate mise a jour inabaki na makosa ya zamani.

Njia ya pili: kufungua kizibo na kunusa

Watu wa Unix walichukua njia ingine. Tangu mwaka wa 1973 Unix iko na amri yenye jina «file». Unaipatia fishie, inasoma okteti za mwanzo, halafu inakuambia iko nini, hata kama jina linasema uongo.

Inawezekana sababu aina mingi za fishie zinaanza na alama yake, sawa kabila lenye kuwa na chale ku uso. Fishie ya PDF inaanza na herufi %PDF. Picha ya GIF inaanza na GIF87a ao GIF89a. Picha ya PNG iko na herufi PNG kuanzia okteti ya pili. Picha ya JPEG inaanza na namba 255 na 216. Ile sauti ya WhatsApp ya opus inaanza na OggS. Programu za Windows zinaanza na MZ, herufi za jina la Mark Zbikowski, injinia wa Microsoft. Na fishie za ZIP zinaanza na PK, herufi za jina la Phil Katz, Mumarekani aliyetengeneza ile namna ya kukaza fishie.

Hapa njo unaelewa kwa nini kubadilisha jina hakubadilishe kitu: «TFC.docx» yenye kuanza na MZ ni programu, hata ukiandika nini ku jina.

Kama ni hivyo, kwa nini mashini zote zisinuse kila mara? Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni wakati. Dosiye yenye picha elfu tano ku kle ya zamani, kusoma majina ni mara moja, lakini kufungua fishie elfu tano moja kwa moja kutakuacha umeketi. Ya pili, harufu peke yake haitoshe. Fishie ya Word ya siku hizi, docx, kwa kweli ni ZIP yenye kubeba vipande ndani. Basi inaanza na PK. Xlsx ya Excel nayo inaanza na PK. Apk ya Android nayo ni PK. Na maandishi ya kawaida, txt, hayana alama yoyote.

Ndiyo maana ku Linux ya leo wanachanganya. Nautilus, Dolphin na Thunar zinatumia kitabu kimoja cha aina za fishie, chenye kutunzwa na mradi wa freedesktop.org. Kwanza wanaangalia mukia wa jina. Kama mukia unajulikana, mara mingi wanaishia pale. Kama hakuna mukia, ao mukia mumoja uko wa aina mbili, wanafungua na kusoma alama ya ndani. Kama hakuna alama, wanaangalia kama okteti za mwanzo zinafanana na maandishi. Mwishoni wanaipatia aina jina lenye mafungu mawili, kama image/jpeg ao application/pdf. Majina haya yalianzishwa mu mwaka wa 1992 kwa ajili ya barua-pepe, na leo intaneti yote inayatumia.

Njia ya tatu: karatasi ku mukono wa bidoni

Apple ilijaribu njia ya tatu. Macintosh ya mwaka wa 1984 haikuangalia mukia wala haikunusa. Kila fishie ilikuwa na kikaratasi pembeni, chenye herufi nne za aina yake na herufi nne za programu iliyoitengeneza. Uliweza kuandika jina lolote, bila mukia, na mashini ilijua.

Ilikuwa njia nzuri, mpaka fishie iliposafiri. Ukiituma ku mashini ya kampuni ingine, kikaratasi kilibaki njiani, na fishie ilifika kama mutoto bila cheti cha kuzaliwa. Apple ilipoleta Mac OS X mu mwaka wa 2001, ilianza kurudia mikia ya majina. Mukia uko na kasoro, lakini uko na uzuri mumoja: uko ndani ya jina, na jina linasafiri pamoja na fishie kila mahali.

Nini ya kufanya

Sasa turudi ku sekretaria publiki. Haya ndiyo mambo yenye kila mutu anaweza kufanya, bila kulipa kitu.

Onyesha mikia. Ku Windows 10, fungua Explorateur, uende ku «Affichage», utie alama ku «Extensions de noms de fichiers» na ku «Éléments masqués». Ku Windows 11, ni «Afficher», halafu tena «Afficher», utakuta zile mbili. Mutumishi wa sekretaria publiki afanye ivi ku mashini zote, leo. Ni kazi ya dakika moja.

Soma safu ya «Type». Chagua namna ya «Détails». Dosiye ya kweli itaandikwa «Dossier de fichiers», na safu ya ukubwa itabaki tupu. Ukiona dosiye ya manjano lakini Type ni «Application» ao «Raccourci», mukono nyuma. Usifinye mara mbili.

Toa zilizofichwa. Kama dosiye zako zimegeuka rakursi, usikubali mutu akuambie «tuformate kle» mbele ya kutafuta. Ukionyesha éléments masqués, dosiye ya kweli inaweza kuonekana na rangi hafifu. Kama virusi imeificha kwa nguvu zaidi, fungua «Invite de commandes» na uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mahali pa E weka herufi ya kle yako. Amri hii inavua mashuka yaliyofunika dosiye, haiui virusi. Baada yake, kopi kazi yako peke yake, ile yenye docx ao pdf, uache vingine vyote. Halafu pitisha antivirusi ku kle na ku mashini yenyewe. Ukisafisha kle na kuacha mashini, umefua shati na kulivaa ku mwili wenye matope.

Angalia herufi za mwanzo. Fishie yenye haieleweki, ifungue kupitia Bloc-notes: amsha Bloc-notes kwanza, halafu «Fichier», «Ouvrir», uchague «Tous les fichiers». Bloc-notes inasoma tu, haiendeshe programu. Ukiona %PDF, ni PDF. Ukiona PK, ni ZIP ao docx ao ndugu zake. Ukiona MZ ku kitu chenye kujiita picha ao barua, ni programu, futa. Ukimaliza, funga bila kuregistre, sababu Bloc-notes ikiandika juu ya fishie itaiharibu. Ku Linux ni rahisi zaidi: andika «file» na jina la fishie ku terminali.

Ku telefoni, sheria ni ile ile. Kama mutu amekutumia «picha za arusi» ku WhatsApp, na telefoni inakuuliza ruhusa ya kuinstale, simama pale. Picha haiombe kuinstaliwa. Ile ni apk, ni programu.

Na kabla ya kutoka nyumbani, jitumie kopi ya kazi ku barua-pepe yako. Kle moja haitoshe kubeba mwaka muzima wa masomo.

Yule mwanafunzi wetu, kama mutumishi anajua haya, hana sababu ya kulia. Dakika tano, mikia inaonekana: «TFC.exe», Type: Application. Pembeni yake, dosiye ya rangi hafifu, na ndani TFC yote, kurasa zote, mpaka ile ya kushukuru wazazi. Inabaki tu kuomba umeme usikatike mbele ya kumaliza kuimprime.

Ikoni ni maneno ya mashini juu ya kitu chenye mara mingi haikufungua. Usome mukia, usome Type, na kama bado una wasiwasi, unuse ndani. Na wewe unayefanya kazi ku sekretaria publiki, watu wanakupatia kle zao bila kuuliza maswali. Mashini moja safi mu mutaa inaokoa kle za mutaa muzima.